Mradi wa Karanga Katika Katalogi: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Kutafuta kwa Maneno

Mwanafunzi anayehusika na kisa hiki alikuwa mwaka wa kwanza wa shahada ya umahiri katika historia. Alifika asubuhi kwenye meza ya huduma za marejeo ninakofanya kazi, akaniamkia, kisha akaniambia kwamba maktaba haina kitu chochote kuhusu mradi wa karanga. Alikusudia kuandika tasnifu juu ya vibarua waliofanya kazi Nachingwea katika ule mpango mkubwa wa serikali ya Uingereza wa kulima karanga Tanganyika baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na msimamizi wake alimtaka awasilishe orodha ya awali ya vitabu na ripoti baada ya majuma mawili. Kwa siku mbili alikuwa ametafuta katika katalogi ya mtandaoni, mara akipata sifuri, mara akipata rekodi nyingi zisizomhusu, na alikwisha kuanza kufikiria kubadilisha mada.

Nilimwomba asibadilishe mada kabla hatujapitia pamoja kila alichokiandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Kwa bahati nzuri alikuwa na mazoea ya kunakili kila jambo katika daftari, hivyo tuliweza kuufuata utafutaji wake hatua kwa hatua. Ninakieleza kisa hiki kwa idhini yake, kwa sababu makosa yake ndiyo ninayokutana nayo karibu kila juma, na kwa sababu mada yenyewe inaonyesha vizuri kuliko nyingine yoyote ninayoijua kwamba katalogi haijibu swali la mtu, bali hulinganisha herufi alizoandika na herufi zilizoandikwa na mkutubi fulani, pengine katika nchi nyingine na miaka mingi iliyopita.

Kwanza historia yenyewe kwa ufupi, kwa kuwa majina yaliyomo ndiyo yanayogeuka kuwa maneno ya kutafutia. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulichunguza uwezekano wa kulima karanga kwa matrekta ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kula nchini Uingereza. Mpango ulichapishwa Februari 1947 kama waraka wa serikali wenye namba Cmd. 7030, ukilenga zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika. Kazi ilianzia Kongwa, ikaendelea Urambo na Nachingwea, kwanza chini ya kampuni ya United Africa Company, kisha kuanzia mwaka 1948 chini ya shirika la umma lililoitwa Overseas Food Corporation. Januari 1951 serikali iliuacha mpango ule baada ya kupoteza zaidi ya pauni milioni 36. Jambo lililoacha bandari ya Mtwara na mjadala mkubwa bungeni London haliwezi kukosa maandishi, na tatizo, basi, lilikuwa ni kuyafikia.

Utafutaji wa kwanza katika daftari ulikuwa sentensi nzima: historia ya mradi wa karanga katika wilaya ya Nachingwea wakati wa ukoloni. Matokeo yalikuwa sifuri, na hayangeweza kuwa vingine. Katalogi yetu, kama nyingi za aina yake, huichukulia nafasi iliyo kati ya neno na neno kuwa ni amri ya kuyataka yote mawili, kwa hiyo mwanafunzi alikuwa ameiambia itafute rekodi yenye maneno yote 12 kwa pamoja. Hata «katika» na «wakati» yalihesabiwa, maana orodha ya maneno ya kupuuzwa iliyowekwa katika mfumo wetu ni ya Kiingereza: mfumo unajua kwamba «the» na «of» hayana uzito, lakini haujui hivyo kuhusu «ya» na «wa». Kadiri mtu anavyoeleza haja yake kwa ukamilifu zaidi, ndivyo mlango unavyozidi kumfungia. Jambo hili huwaumiza wanafunzi waangalifu kuliko wazembe.

Lipo pia jambo ambalo mwanafunzi hakuwa amelitambua, na ambalo wengi hawalitambui mpaka waelezwe: katalogi haisomi kitabu. Injini za kutafutia za intaneti zimetuzoesha kuamini kwamba neno lililo katika ukurasa wa 214 litaonekana, ilhali kisanduku cha katalogi hutazama rekodi tu, yaani jina la mwandishi, anwani ya kitabu, mchapishaji, mwaka, vichwa vya mada (maneno rasmi yanayotaja kitabu kinahusu nini) na pengine maelezo mafupi. Kitabu kinaweza kuwa na sura nzima kuhusu Nachingwea bila neno Nachingwea kuonekana popote katika rekodi yake. Anayetafuta hana budi kujiuliza ni maneno gani machache ambayo mkutubi angeyaandika kuhusu kitabu kizima, kisha atafute hayo.

Siku hiyohiyo ya kwanza alijaribu neno moja tu, karanga. Hapa hakupata sifuri. Alipata vijitabu vya kilimo bora, mapishi, na pamoja navyo vitabu kadhaa kuhusu historia ya Zimbabwe, ambavyo vilimshangaza hadi akadhani mfumo umeharibika. Mfumo ulikuwa mzima. Wakaranga ni miongoni mwa makundi ya Washona, na kwa mashine isiyojua lugha jina la watu na jina la zao ni herufi saba zilezile. Neno moja ambalo kwetu lina maana moja iliyo wazi huweza kuwa na maana nyingine katika rekodi za nchi jirani, na ndiyo sababu neno la zao halitoshi bila neno la mahali.

Alipohamia Kiingereza alikaribia zaidi. Kuandika «groundnut» kulimletea taarifa nyingi za sayansi ya kilimo, juu ya ugonjwa wa virusi unaodumaza mimea ya karanga, juu ya sumukuvu, na juu ya njugu mawe, ambazo kwa Kiingereza nazo huitwa aina ya «groundnut». Akaongeza «scheme», jina ambalo mradi ulijulikana nalo, na matokeo yakapungua hadi yakasomeka. Wengi huishia hapo wakiwa wameridhika, naye alikuwa karibu kuishia hapo. Lakini tazama alichokipoteza kwa neno hilo moja. Waraka wa mwaka 1947, ulio chimbuko la kila kitu, una anwani «A plan for the mechanized production of groundnuts in East and Central Africa»: hauna «scheme», hauna Tanganyika, hauna Kongwa. Kitabu cha Alan Wood cha mwaka 1950, kilichoandikwa na mtu aliyewahi kufanya kazi katika shirika lenyewe, kinaitwa «The Groundnut Affair»: nacho hakina «scheme». Jina ambalo historia imelipa jambo fulani hushika baada ya muda, ilhali nyaraka za mwanzo ziliandikwa kabla jina halijakomaa. Mtafiti anayetafuta kwa jina la baadaye hupata waliolisimulia jambo, huku akiwakosa waliolianzisha.

Kosa lililofuata lilikuwa la tarehe, na nalitaja kwa msisitizo kwa sababu linafanana sana na uangalifu. Pembeni mwa ukurasa wa matokeo kuna kichujio cha miaka, naye akajaza 1946 hadi 1951, miaka ya mradi. Kichujio hicho hakihusu miaka ya matukio. Kinahusu mwaka wa kuchapishwa. Kwa kitendo hicho aliondoa kila tathmini iliyoandikwa baada ya mradi kufa, kikiwamo kitabu cha Nicholas Westcott cha mwaka 2020 kuhusu mradi huu na urithi wake, ambacho kwa mtu anayeanza utafiti ndicho kingemfungulia njia. Kichujio hakikumwonya, wala hakina namna ya kumwonya. Orodha fupi iliyobaki ilionekana safi, na usafi huo ndio uliomdanganya.

Baada ya kupitia daftari tulifunga kompyuta tukachukua karatasi. Nilimwomba aigawe mada yake katika vipande visivyogawanyika zaidi, naye akapata vitatu: zao, mahali, na watu wanaofanya kazi. Chini ya kila kipande tukaandika kila jina ambalo mkutubi au mchapishaji angeweza kulitumia. Chini ya zao tukaweka «groundnut», «groundnuts», «ground-nuts» kama lilivyoandikwa katika hati nyingi za zamani, na «peanut». Chini ya mahali tukaweka Tanganyika, Tanzania, Kongwa, Urambo, Nachingwea, na majina mapana ya kanda. Kanuni ya kuyaunganisha ni fupi: majina yaliyo chini ya kipande kimoja huunganishwa kwa OR, kwa sababu lolote kati yao linatosha, na vipande vyenyewe huunganishwa kwa AND, kwa sababu vyote vinahitajika. Mabano hufunga kila kundi ili mashine isichanganye. Kwa zao na mahali tuliandika hivi:

(groundnut* OR "ground nut*" OR peanut*) AND (Tanganyika OR Tanzania OR Kongwa OR Urambo OR Nachingwea OR "East Africa")

Ile nyota inaiambia katalogi ikubali mwisho wowote wa neno, ili umoja na wingi viingie pamoja. Hata hivyo jaribio la kwanza la mstari huu lilikuwa na kasoro mbili, na nafurahi kwamba tuliziona, kwa kuwa zinafundisha zaidi kuliko mafanikio. Nyota iliyowekwa ndani ya alama za nukuu haikufanya kazi katika mfumo wetu. Maneno yaliyo ndani ya nukuu huchukuliwa kama yalivyo, kwa hiyo tulilazimika kuandika umoja na wingi kila kimoja peke yake. Kasoro ya pili ilikuwa ngumu zaidi kuiona. Waraka wa mwaka 1947 bado haukuja. Mwanafunzi ndiye aliyegundua sababu: anwani yake inasema «East and Central Africa», na alama za nukuu hudai maneno yafuatane bila neno jingine katikati, kwa hiyo "East Africa" haimo humo hata kidogo, ingawa "Central Africa" imo. Tulipoongeza "Central Africa" kwenye kundi la mahali, waraka ukatokea. Alama za nukuu ni chombo kizuri kwa jina lisilobadilika, mfano wa jina la shirika, lakini zikizunguka maneno ambayo watu huyapanga kwa namna mbalimbali hugeuka kuwa ukuta.

Juu ya neno «peanut» tulisimama kwa muda mrefu. Waingereza wa miaka ya 1940 kwa kawaida hawakuuita mradi ule kwa neno hilo, na mwanafunzi aliniuliza kwa nini tunaliweka. Nilimfungulia rekodi moja nzuri tuliyokwisha kuipata, nikamwonyesha sehemu ya vichwa vya mada, ambayo katika muundo wa rekodi za maktaba hukaa kwenye uga, yaani nafasi ya rekodi, wenye namba 650. Vilianza na neno «Peanut». Vichwa hivyo hutoka katika orodha ya Maktaba ya Bunge la Marekani, iliyoanza kutungwa mwaka 1898 na ambayo maktaba nyingi duniani huitumia, na Wamarekani zao hili huliita hivyo. Orodha yenyewe inatambua kwamba wengine husema «groundnut» na humwelekeza msomaji kwenye neno lililochaguliwa, lakini katika mfumo wetu mwelekeo huo unafanya kazi pale tu mtu anapopitia fahirisi ya mada. Kisanduku cha kawaida hakiutazami. Tahajia nayo ni ya Kimarekani: kazi ni «labor», bila «u». Anayeandika «labour» pekee hupata anwani za Waingereza na kukosa vichwa vya mada. Anayeandika yote mawili hupata vyote.

Vichwa vya mada vina manufaa ambayo maneno ya kawaida hayana. Ukishapata kitabu kimoja unachokihitaji hasa, unabonyeza kichwa chake cha mada na katalogi inakuletea kila kitabu kilichopewa kichwa hicho, hata kama anwani zake ni za Kijerumani au Kifaransa. Utafutaji kwa maneno hukupeleka kwenye kitabu cha kwanza. Cha kwanza hicho hukupeleka kwa ndugu zake. Mwanafunzi alipolielewa hili alianza kufanya kazi haraka kuliko mimi.

Kipande cha tatu, watu wanaofanya kazi, kilitufikisha kwenye jambo linalonigusa sana kama mkutubi ambaye lugha yake ni Kiswahili. Alitaka kutafuta pia maandishi ya Kiswahili, na kwa kuwa alikwisha kujua faida ya nyota, aliandika «kibarua*». Alipata kibarua, akakosa vibarua. Nyota ilibuniwa kwa ajili ya lugha ambazo neno hubadilika mwishoni. Kiswahili hubadilika mwanzoni. Mkulima, wakulima, ukulima na kilimo ni maneno ya ukoo mmoja, lakini katika fahirisi iliyopangwa kwa herufi ya kwanza yamekaa mbalimbali kama wageni wasiojuana, na katalogi yetu hairuhusu nyota kutangulia neno. Hakuna njia ya mkato. Inabidi mtafutaji aandike mwenyewe sura zote za neno na kuziunganisha kwa OR: kibarua, vibarua, mfanyakazi, wafanyakazi, mkulima, wakulima, kilimo. Msomaji wa Kiingereza hufanyiwa kazi hii na mashine. Msomaji wetu huifanya kwa mkono, na sidhani kwamba ni haki, ingawa kwa sasa ndivyo ilivyo.

Tulipoweka Kongwa na Nachingwea katika utafutaji, kundi jipya la vitabu liliingia ambalo halikuhusu karanga: vitabu vya harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika. Katika miaka ya 1960 Kongwa ilikuwa kambi ya wapigania uhuru wa vyama kadhaa, na Nachingwea ikawa mahali pa mafunzo ya FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji. Mwanafunzi alitaka kuandika NOT FRELIMO ili kuviondoa vyote kwa mpigo. Nilimshauri asifanye hivyo. NOT haiondoi mada, huondoa rekodi yoyote yenye neno hilo mahali popote, na kitabu cha historia ya Nachingwea kinachosimulia karanga katika sura za mwanzo na wapigania uhuru katika sura za mwisho kingetupwa pamoja na vingine, bila yeye kujua. Kwa kuwa kipande cha zao kilikuwa kimeunganishwa kwa AND, vitabu visivyotaja karanga vilikwisha kupungua vyenyewe. Katika miaka yangu kazini nimeona NOT ikisaidia mara chache na ikificha mambo mara nyingi.

Hata hivyo chapisho lililokaribia mada yake kuliko yote halikuwa katika katalogi, wala hakuna utaratibu wa maneno ambao ungelileta. Ni makala ya Matteo Rizzo kuhusu soko la vibarua kusini mwa Tanganyika katika miaka ya mradi, iliyochapishwa mwaka 2006 katika jarida la Journal of Agrarian Change. Katalogi yetu huorodhesha majarida, haiorodheshi makala zilizomo. Rekodi ingemwambia kwamba jarida lipo, isingemwambia kilichomo. Kwa makala tulihamia kwenye hifadhidata ya majarida tukitumia karatasi ileile, na kule maneno «groundnut», «labour» na «Tanganyika» yalitosha. Barua na majalada ya serikali ni suala la Nyaraka za Taifa, lenye taratibu zake za kutafuta ambazo hazimo katika kisa hiki.

Lilibaki jambo moja. Mwanafunzi aliuliza kama shirika lenyewe liliwahi kuandika taarifa zake, swali zuri ambalo lilipaswa kuwa la kwanza. Tuliacha maneno ya mada, tukachagua utafutaji kwa mwandishi, tukaandika «Overseas Food Corporation». Katika katalogi shirika linaweza kuwa mwandishi kama mtu alivyo mwandishi. Ripoti za mwaka zilitokea, zikiwa katika mkusanyiko maalumu wa vitabu vya Afrika Mashariki, na tulipofungua rekodi tuliona kwa nini hazikuonekana kwa siku zote zile. Anwani ilisema tu kwamba ni ripoti ya mwaka na taarifa ya hesabu. Haikuwa na karanga kwa lugha yoyote, haikuwa na jina la nchi, na uga wa vichwa vya mada ulikuwa mtupu. Aliyeziorodhesha zamani aliandika alichokiona kwenye jalada akaishia hapo. Humo ndani zimo taarifa za kila eneo la mradi, Nachingwea ikiwamo.

Nilipeleka ombi kwa wenzangu wa kitengo cha uorodheshaji, nao wakaongeza vichwa vya mada vilivyokosekana. Niliwaomba pia wajaze uga wa 653, unaopokea maneno ya kutafutia yasiyotoka katika orodha rasmi, kwa Kiswahili: mradi wa karanga, vibarua, Kongwa, Urambo, Nachingwea. Fahirisi ilipokwisha kujengwa upya, mwanafunzi alirudi kwenye kisanduku kilekile kilichompa sifuri, akaandika mradi wa karanga, na rekodi ya ripoti zile ikatokea pamoja na namba yake ya rafu.